Kupima mawimbi kwa kamba, beseni na saa: kuanzia darasani hadi mwambani

Wimbi linalopasuka ufukweni limetoka mbali, lakini maji yaliyomo ndani yake hayajatoka mbali. Kilichosafiri ni nishati. Maji yameipokea, yameyumba kidogo, yameipitisha mbele na kurudi karibu na pale yalipokuwa. Maneno hayo wanafunzi huyakariri kwa urahisi. Kuyaona kwa vipimo ndiyo kazi, na mwongozo huu ni wa kazi hiyo. Unawafaa walimu wa fizikia wa sekondari na wanafunzi wao, na pia vikundi vya usimamizi wa fukwe vinavyotaka kujua mwamba wao wa matumbawe unazuia mawimbi kwa kiasi gani.

Kabla ya kushika kifaa chochote, elewa vipimo vinne na kila kimoja kinaamuliwa na nini. Kimo ni umbali wa wima kutoka bondeni hadi kileleni mwa wimbi. Nusu yake huitwa amplitudo. Urefu wa wimbi ni umbali kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata. Kipindi ni sekunde zinazopita kati ya kilele kimoja na kingine mahali pamoja, na masafa ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde, yaani 1 gawanya kwa kipindi. Mwendo ni urefu wa wimbi gawanya kwa kipindi.

Anayetikisa huamua kipindi na kimo. Kinachopitisha wimbi, kiwe kamba, maji au hewa, huamua mwendo. Urefu wa wimbi hauna hiari: hufuata hivyo viwili. Makosa mengi ya darasani hutokana na kusahau mgawanyo huu, hasa pale mwanafunzi anapodhani kwamba akitikisa kwa nguvu zaidi wimbi litawahi kufika. Haliwahi. Linafika muda uleule, likiwa na kimo kikubwa zaidi.

Kamba

Vifaa: kamba ya katani ya unene wa milimita 8 hivi, mizani ya springi ya maabara inayosoma hadi nyutoni 10, futi kamba, saa ya kusimamisha (ya simu inatosha) na kitambaa chekundu.

1. Pima mita 10 za kamba na uziweke kwenye mizani ya kawaida. Tuseme zina gramu 500. Basi kila mita ina kilo 0.05. Ukitumia kamba nyingine pima upya, kwa sababu kamba za unene mmoja hutofautiana uzito, na iliyolowa ni nzito kuliko kavu.

2. Funga mizani ya springi kwenye nguzo, na kamba kwenye ndoano ya mizani. Simama ili kati ya mkono wako na ndoano kuwe na mita 4 kamili. Vuta mpaka mizani isome nyutoni 5. Kamba italegea kidogo katikati, sentimita 20 hivi. Hilo si tatizo.

3. Funga kitambaa katikati ya kamba. Tikisa mkono mara moja, juu na chini. Mwambie mwenzako aangalie kitambaa tu. Kitapanda, kitashuka, kitatulia palepale, ilhali wimbi limefika nguzoni na kurudi. Angalia pia kwamba lililokwenda limevimba juu hurudi limevimba chini, kwa kuwa ncha ya nguzoni haiwezi kusogea.

4. Sasa tikisa mfululizo, mkono ukisogea sentimita 3 au 4 tu, ukitafuta kasi ambayo kamba nzima inavimba kama tumbo moja. Ukiipata utaijua: kamba inajibu kwa kimo kikubwa kuliko mkono wako. Hesabu mitikisiko 20 na upime muda wake. Endelea hadi upate matumbo mawili, kisha matatu.

Mwendo katika kamba ni kipeuo cha pili cha mkazo gawanya kwa uzito wa mita moja. Nyutoni 5 gawanya kwa 0.05 ni 100, kipeuo chake 10, kwa hiyo mita 10 kwa sekunde. Tumbo moja ni nusu ya urefu wa wimbi, kwa hiyo hapa urefu ni mita 8. Mitikisiko 20 inatakiwa kuchukua sekunde 16 kwa tumbo moja, 8 kwa mawili, na 5.3 kwa matatu. Vuta mpaka nyutoni 10 na urudie tumbo moja: zitakuwa sekunde 11.3. Mkazo umezidi mara mbili, mwendo umezidi mara 1.41 tu.

Tofauti ya asilimia 5 ni ya kawaida. Ikifika 15, tazama mizani wakati unatikisa: karibu kila mara mshikaji amelegeza mkono bila kujua, na mkazo umeshuka. Msomaji wa mizani asiwe yuleyule anayehesabu.

Kuhusu nishati, wimbi linalokwenda bila kurudi kwenye kamba hii, lenye mitikisiko 2.5 kwa sekunde na amplitudo ya sentimita 10, hubeba wati 0.6. Ukiongeza amplitudo hadi sentimita 20, hubeba wati 2.5 hivi, mara nne. Nishati hufuata mraba wa amplitudo. Shika kanuni hiyo, maana kule baharini ndiyo itakayoamua kila kitu.

Beseni

Hili ndilo jaribio lenye thamani kubwa kuliko gharama yake. Tafuta beseni au trei ya mstatili yenye kuta zilizosimama wima. Yale mabeseni yaliyopanuka juu hayafai, kwa sababu urefu wa uso wa maji hubadilika kadiri unavyoongeza maji. Mfano wetu una urefu wa sentimita 40 na upana wa 30 kwa ndani.

Usipime kina kwa rula. Maji hupanda kidogo kwenye rula na kwenye ukuta, na kosa la milimita 2 kwenye kina cha sentimita 1 ni asilimia 20. Pima kwa ujazo: 40 mara 30 ni 1,200, kwa hiyo kila lita 1.2 inaongeza kina cha sentimita 1. Chupa ya maji ya lita moja na kikombe chenye vipimo vinatosha.

Weka beseni kwenye sakafu tambarare. Meza hutikisika. Mimina lita 1.2. Inua upande mmoja nusu sentimita, unene wa penseli hivi, subiri maji yatulie, kisha teremsha kwa haraka bila kugonga. Wimbi litakimbia kutoka ukuta hadi ukuta. Linapogonga ukuta wa mbali mara ya kwanza sema “sifuri” na uwashe saa. Kila linapogonga ukuta, huu au ule, hesabu moja. Simamisha kwenye nne. Kwa hiyo wimbi limevuka beseni mara nne, mita 1.6.

Fanya hivyo mara tano kwa kila kina na uchukue wastani. Kwa maji ya kina kifupi mwendo ni kipeuo cha pili cha 9.8 mara kina kwa mita. Matokeo yawe karibu na haya: kwa kina cha sentimita 1, sekunde 5.1; kwa sentimita 2, sekunde 3.6, kwa sentimita 4, sekunde 2.6. Kina mara nne, mwendo mara mbili.

Mambo matatu huliharibu. La kwanza ni kuinua beseni kupita kiasi: ukiinua sentimita 2 wakati kina ni sentimita 1, sakafu ya beseni upande ulioinuliwa inabaki wazi na wimbi linapasuka badala ya kusafiri. La pili ni kuanza kuhesabu kwa “moja” pale saa inapowashwa. Hapo utakuwa umepima mivuko mitatu na kuiita minne. La tatu ni kutumia viwimbi vya tone la maji au ncha ya kidole. Viwimbi hivyo vyenye urefu wa chini ya sentimita 1.7 hutawaliwa na mvutano wa uso wa maji, si uzito wa maji, na fomula ya kina haiwahusu kabisa. Kama macho hayatoshi kulifuata wimbi, rekodi video kwa simu ukiwa umeiweka sawa na uso wa maji, kisha uitazame taratibu.

Nyunyiza punje chache za pilipili manga iliyosagwa. Zitakwenda na kurudi, kwenda na kurudi, wala hazitavuka beseni pamoja na wimbi. Katika maji ya kina kifupi mwendo wa maji ni wa kulala zaidi kuliko wa kupanda na kushuka, na hapa unaonekana wazi.

Fomula hiyohiyo ya beseni ndiyo ya tsunami. Wimbi la tsunami lina urefu wa mamia ya kilomita, kwa hiyo hata bahari ya kina cha mita 4,000 kwake ni maji mafupi. Kipeuo cha pili cha 9.8 mara 4,000 ni 198: mita 198 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 700 kwa saa. Tarehe 26 Desemba 2004 wimbi lililoanzia karibu na Sumatra lilifika pwani ya Somalia, umbali wa kilomita 5,000 hivi, baada ya saa saba, na likaua watu huko na hata Tanzania na Kenya. Gawanya mwenyewe 5,000 kwa 713. Saa saba ni muda wa kutosha kuondoa watu ufukweni endapo taarifa itawafikia, na hilo kila mtoto wa pwani anastahili kulijua.

Bomba

Sauti haina vilele wala mabonde ya kuonekana. Ni hewa inayosukumana na kuachana kuelekea kulekule wimbi linakoelekea. Bado urefu wake unapimika kwa rula.

Kata bomba la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 4 kwa ndani, urefu sentimita 40. Jaza ndoo ya lita 20 hadi karibu na ukingo. Weka kwenye simu programu ya kutoa mlio wa masafa maalumu, uchague hezi 880. Zamisha bomba wima, shika spika ya simu sentimita 2 au 3 juu ya mdomo wa bomba, kisha inua bomba polepole huku simu ikipanda nalo. Mlio utavuma ghafla hewa ndani ya bomba ikifika urefu wa sentimita 8.7 hivi, utafifia, kisha utavuma tena kwenye 28.5.

Tumia tofauti ya hizo mbili, sentimita 19.8. Ni nusu ya urefu wa wimbi, kwa hiyo urefu ni sentimita 39.6, na mwendo ni 0.396 mara 880, yaani mita 348 kwa sekunde. Kwa hewa ya nyuzi 30 jibu linalotarajiwa ni 349. Anayetumia kipimo cha kwanza peke yake hukosea, kwa kuwa wimbi hutokeza kidogo nje ya mdomo wa bomba, kama sehemu 0.3 ya kipenyo. Tofauti ya vipimo viwili inalifuta kosa hilo. Ukiziba mdomo wa bomba kwa simu, vipimo vyote vinahama. Na funga simu kwenye mfuko wa nailoni, mkono huteleza.

Baharini

Hapa vipimo vinaanza kuwa na uzito wa fedha na maisha. Unahitaji watu wawili, saa, daftari, na nguzo ya gati iliyochorwa mistari ya rangi kila sentimita 20. Pima kina cha maji kwenye nguzo hiyo kwa kamba yenye chuma cha nchani, na uandike saa, kwa sababu maji kujaa na kupwa kutakibadilisha.

Mmoja anatazama nguzo na kutamka: mstari wa kilele, mstari wa bonde. Mwingine anaandika, pamoja na sekunde ambayo kilele kimepita. Chukua mawimbi 30 mfululizo bila kuruka hata dogo. Ni dakika tatu au nne. Kisha chagua 10 yenye vimo vikubwa zaidi na utafute wastani wa vimo vyake na wa vipindi vyake. Wastani huo wa theluthi ya juu ndio kimo ambacho utabiri wa baharini hukitaja. Ukisikia kwamba mawimbi yatakuwa mita 1.5, usidhani hakuna litakalozidi hapo: katika saa chache zenye mawimbi zaidi ya elfu moja, moja litafika karibu mara mbili ya kimo hicho. Mwenye mtumbwi apange kwa mita 3.

Ukishapata kimo na kipindi, mahesabu yanategemea kina. Bahari kuu, yaani mahali ambapo kina ni zaidi ya nusu ya urefu wa wimbi, urefu ni 1.56 mara mraba wa kipindi. Kipindi cha sekunde 7 kinatoa mita 76 na mwendo wa mita 10.9 kwa sekunde. Nishati yenyewe, hata hivyo, husafiri kwa nusu ya mwendo huo. Ukitazama kundi la mawimbi kutoka chomboni utaona vilele vinazaliwa nyuma ya kundi, vinapita katikati na kufia mbele, huku kundi lenyewe likienda taratibu.

Nguvu inayopita katika kila mita moja ya upana wa bahari kuu, kwa kilowati, ni 0.49 mara mraba wa kimo mara kipindi. Kimo cha mita 1.5 na sekunde 7 ni kilowati 7.7. Kimo cha mita 3 kwa kipindi kilekile ni kilowati 31. Ndiyo maana bahari iliyochafuka kwa kusi hubomoa kuta ambazo zilistahimili mawimbi ya nusu ya kimo hicho miaka mingi: zimepigwa na nguvu mara nne.

Kwenye gati maji ni mafupi, na hapo mwendo unarudi kuwa ule wa beseni, kipeuo cha pili cha 9.8 mara kina, na nishati husafiri kwa mwendo huohuo mzima. Kila mita ya mraba ya bahari hubeba jouli 628 mara mraba wa kimo. Zidisha kwa mwendo upate wati kwa kila mita ya upana. Kimo cha mita 1 kwenye kina cha mita 4: 628 mara 6.26, karibu kilowati 3.9. Vitabu vingi vya shule vina namba iliyo mara mbili ya hiyo 628. Ile ni ya mawimbi yaliyolingana yote, na bahari halisi haina mawimbi hayo. Kuchanganya namba hizo mbili ndilo kosa linaloonekana zaidi kwenye ripoti.

Wimbi likitoka kwenye kina kuja mahali pafupi, kipindi chake hakibadiliki. Mwendo hupungua, urefu hupungua, na kimo hupanda kwa kuwa nishati ileile inajibana kwenye nafasi ndogo. Kimo kikifika kama sehemu 0.8 ya kina, wimbi linapasuka: la mita 1 hupasuka kwenye kina cha mita 1.25 hivi. Povu, mvumo na mchanga unaopeperuka majini ni nishati ile ikitumika.

Na kwa kuwa kipindi hakibadiliki, huna haja ya kutoka nje ya mwamba kukipima. Kaa ufukweni, tazama mstari mweupe mwambani, chagua sehemu moja, na upime muda kutoka mpasuko mkubwa mmoja hadi wa kumi na moja, ugawanye kwa 10. Kimo cha nje kichukue kwenye utabiri wa baharini wa siku hiyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hukitoa. Kimo cha ndani ya mwamba kipime kwa mti wenye mistari uliochomekwa mchangani, kwenye kina unachokijua.

Tuchukue mfano. Nje: mita 1.5, sekunde 7, kilowati 7.7 kwa mita. Ndani: kimo sentimita 30 kwenye kina cha mita 2, ambayo ni 628 mara 0.09 mara 4.43, wati 250. Mwamba umekula asilimia 97. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2014 ulipata wastani huohuo kwa miamba ya matumbawe duniani, sehemu kubwa ikimezwa na kilele cha mwamba peke yake. Kila bomu la kuvulia samaki linalosaga matumbawe linashusha kilele hicho, na nishati iliyokuwa inamalizikia huko inakuja kula minazi na nyumba.

Rudia kipimo saa za maji kujaa siku ya bamvua, yaani siku ambayo maji hujaa na kupwa zaidi ya kawaida. Kina ndani kikifika mita 4 na kimo sentimita 60, hesabu inakuwa 628 mara 0.36 mara 6.26, kilowati 1.4: asilimia 18 ya nishati ya nje inapita, dhidi ya 3 za awali. Mwamba ni uleule, ila maji yaliyo juu yake ni mengi na wimbi halipasuki.

Pima alfajiri kabla upepo haujaanza. Upepo wa mchana huzaa mawimbi mafupi humohumo ndani, ya kipindi cha sekunde 2 au 3, na ukiyajumlisha utadhani mwamba umepitisha nishati ambayo haikutoka nje. Kama huna budi kupima mchana, yatenge kwa kipindi: andika yale tu yanayofuatana na mipasuko ya mwambani. Siku za maji mafu, yaani zile ambazo maji hujaa na kupwa kidogo tu, na za bamvua ziandikwe kwenye kurasa tofauti, na kila kipimo kiwe na saa, kina, na upepo wa siku hiyo, kusi au kaskazi. Mti wa kupimia usiuache bila kitambaa cheupe juu. Maji yakijaa mti huo hauonekani kwa urahisi, na mitumbwi hupita hapo usiku.